Waliokuja Kumuulizia Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Malazi alinikabidhi shada la funguo, akanionyesha chumba changu chini ya ngazi, akanipa amri moja. "Habari za mwanafunzi hazitoki nje ya geti. Akija mjomba, akija mchungaji, mwambie aende ofisini." Alikuwa mtu wa bara, hajui kuzunguka maneno. Nikaingiza sanduku langu.

Msimamizi mkaazi wa hosteli hulala mle mle anamofanya kazi. Nyinyi wa leo mna kamera. Mimi nilikuwa na pua na masikio. Pua ilinijulisha nani anapika kwa koili, lile jiko la waya wa umeme lililopigwa marufuku. Masikio yalinijulisha chumba kipi kina paireti, yaani msichana asiyegawiwa kitanda, analala kwa mwenzake. Nilianzia Mikindani, hosteli ya wavulana, na sitaki kuikumbuka. Kisha nikahamishiwa Kiembeni kwa wasichana, nikakaa huko hadi mwisho.

Huko ndiko alikokuwa Rukia, mwaka wa pili, anasomea kemia. Mtoto mtaratibu, hana makuu. Alhamisi moja akaja Bi Saumu wa Kisauni, ninayemjua tangu utotoni, pamoja na dadake. Wakanywa maji, wakaniuliza hali za wanangu wote mmoja mmoja. Kisha Bi Saumu akasema, "Tumepeleka neno kwa babake Rukia, kwa ajili ya mwanangu. Wewe ndiwe unayekaa naye. Akoje?"

Nikawaomba warudi Jumamosi. Kwetu msichana haposwi bila kuuliziwa, na anayeulizwa akinyamaza, amekwisha kujibu: pana aibu inafichwa. Mkuu wangu hakulijua hilo. Kwake yeye kimya ni kimya tu. Mimi nilijua, na amri yake ilinikera.

Nikamwita Rukia, nikamweleza. Nilidhani ataona haya na kufurahi.

"Bi Mwanaisha, mimi simtaki," akasema. "Lakini baba ameshakubali, na ataniachisha chuo. Tafadhali usiwaambie kitu."

"Nikinyamaza watajaza wenyewe, mwanangu. Utasemwa Kisauni nzima."

"Na waseme. Nikishahitimu, Bi, hapo sema utakalo."

Alikuwa akilia, lakini hakurudi nyuma. Nilimwonea huruma, na wallahi nilimkasirikia babake.

Jumamosi nikawaambia wageni wangu, "Kanuni hainiruhusu kutoa habari za mwanafunzi." Bi Saumu akamtazama dadake. Wakashukuru kwa adabu, wakaondoka chai ikiwa bado vikombeni. Posa ikafa wiki ile ile. Maneno yakafuata: mara Rukia ana bwana mwenye gari, mara ametoa mimba. Babake, kwa kukosa wa kumpa, akamwacha asome. Mkuu wa Malazi naye aliposikia nimewarudisha wageni, akanisifu kikaoni kwa kufuata utaratibu. Nikasema ahsante.

Sasa nimestaafu, naishi kwangu Kisauni, na funguo nimezirudisha. Kanuni ile bado naiona njema. Mtoto wa watu apate pahali ambapo hasemwi. Ila aliyeitunga hakuwahi kupikia chai watu wa posa.

Juzi tulikuwa harusini. Rukia alishahitimu zamani, yuko maabara ya kiwanda kimoja Changamwe, na tangu maneno yale hakuna aliyekwenda kumposa. Bi Saumu akanishika mkono mbele ya wanawake wote. "Huyu ndiye aliyetuokoa na yule mtoto."

Sikuwa tena na mkuu wala geti. Nikamwambia, "Rukia hakuwa na doa lolote. Alimkataa mwanao kwa sababu alitaka kusoma."

Wanawake wakaacha kula. Bi Saumu akauachia mkono wangu. "Na mbona siku ile hukusema?"

"Uliniuliza akoje," nikamjibu. "Hukuniuliza kama anamtaka."