Haykanush na Jiwe la Mtawa Hovnan

Haykanush aliacha kufundisha historia mguu ulipoanza kumsumbua, lakini kugombana hakuacha. Kila asubuhi hupanda na maji ya moto hadi nyuma ya nyumba ya watawa ya Karahovit, akakwangua nta ya mishumaa na kufuta siagi juu ya kaburi la mtawa Hovnan, huku akiwalaani kwa sauti waliokuja jana.

Hovnan huyo aliandika habari za nchi hii wakati wapanda farasi wa Wamongolia walipoipitia. Kitabuni mwake mna majina ya watoto wa kijiji waliouawa, kila mtoto na mama yake. Vizazi vilivyofuata vikakumbuka nusu tu ya habari: kwamba mtawa yule anayo majina ya watoto. Basi asiyejaliwa mtoto huja na jogoo wa sadaka, humchemsha kwa chumvi tupu, huwagawia majirani nyama, kisha hupaka siagi kwenye maandishi ya kaburi na kuyasugua kwa kiganja, ili naye apewe jina moja.

Nimeona makaburi ya waandishi katika miji mingi. Yamezungushiwa kamba na hayana wageni. Hili linapendwa mpaka linakwisha. Lilikuwa limebaki neno moja la kusomeka, jina lenyewe. Wataalamu wa mambo ya kale kutoka mji mkuu, Yerevan, waliahidi kuja vuli: jina likisomeka, watajenga paa, lisiposomeka, hilo ni jiwe tu kama mengine.

Haykanush akaweka uzio na kufuli. Sedrak, jirani yake mfuga nyuki, akamtania mbele ya watu.

"Mwalimu, umemfunga mtakatifu jela?"

"Si mtakatifu! Ni mwanahistoria!"

"Mbona mke wangu alizaa mapacha?"

"Kamuulize mkeo, usimuulize Hovnan."

Watu wakaangua kicheko, Sedrak kuliko wote.

Jumamosi, wataalamu wakitarajiwa Jumanne, Nazeli, binti wa Haykanush, akashuka kwenye basi kutoka mji wa Gyumri na jogoo kwapani.

"Mama, nipe ufunguo."

"Hata wewe? Kitabu cha Hovnan si nilikusomea mwenyewe?"

"Nakijua. Madaktari nimewamaliza wote. Nipe ufunguo."

"Subiri Jumanne ipite, Nazeli jan, mpenzi wangu. Halafu sugua mpaka mkono uchoke."

"Jumatatu mume wangu Aram anarudi kazini Urusi. Nisubiri na nani, na jogoo?"

Haykanush akatazama pembeni. "Basi sugua huku chini. Hapa hakuna maandishi."

"Mama. Watu wanaomba kwenye jina."

Haykanush akafungua kufuli. Alikaa akiwa ameligeuzia kaburi kisogo, akasikia kiganja cha mwanawe kikipita juu ya herufi, kikirudi, kikipita tena.

"Taratibu! Unasugua kama sufuria iliyoungua."

"Nyamaza mama, naomba."

Jumanne wataalamu walikuja, wakamulika taa kutoka ubavuni mwa jiwe, wakainama, wakabishana kwa adabu. Herufi ya kwanza labda ipo, walisema, labda ni ufa. Wakala asali ya Sedrak, wakaisifu, wakaondoka.

Sasa majira ya baridi yameingia. Paa hakuna. Nazeli hupiga simu kila Jumapili, anaeleza bei ya viazi na baridi ya Gyumri, na mama yake hushika simu kwa mikono miwili, asithubutu kumuuliza.