Tano na Tano Lazima Ziwe Kumi

Mama Desimali hajui kuogelea. Miaka kumi na tisa sasa anatunza programu inayoiga bahari ndani ya kompyuta, mikondo yake, chumvi yake, joto lake, na maji yenyewe huyagusa akiosha vyombo tu. Mama mkwe wake huwaambia majirani kuwa mkamwana anahesabu maji. Hajakosea sana.

Ofisini kwao, kabla ya kila toleo la programu, kuna jaribio moja lisilo na huruma. Bahari huendeshwa siku kumi mfululizo. Kisha huendeshwa tano, ikazimwa, ikawashwa tena kwa tano nyingine. Majibu yafanane hadi tarakimu ya mwisho. Jumatatu hayakufanana, na toleo jipya la programu lilikuwa litoke Ijumaa.

"Tofauti iko tarakimu ya kumi na nne," alisema mkuu wa kitengo, mtu mpole anayeabudu tarehe. "Nani ataiona, dada?"

"Bahari."

"Bahari haisomi ripoti zetu."

"Bahati yetu hiyo, bosi."

Mkuu akakata shauri: ikifika Alhamisi jioni bila jawabu, jaribio lifutwe, toleo litoke. Jaribio lenyewe alilitunga Mama Desimali.

Tangu toleo lililopita, programu ilikuwa imebadilishwa mara mia nne na kumi na mbili. Akayagawa mabadiliko nusu kwa nusu: nusu hii safi, basi mchawi yumo katika ile, ile nayo akaikata. Kila mkato ulikula saa tatu za mashine. Mtaalamu wa barafu ya bahari hiyo, anayeshukiwa kila linapoharibika jambo, alipita kila asubuhi.

"Nimeshatoka kwenye washukiwa?"

"Bado umo, kaka."

Jumatano akatoka, akanunua soda.

Alhamisi mchana likabaki badiliko moja. Mtu fulani, mwezi wa tatu, alifuta mstari unaohifadhi upepo wa mwisho kabla ya kuzima. Bahari ikiamka, haikumbuki ilikuwa ikipulizwa vipi. Maelezo: "Mstari usio na kazi." Aliyefuta: Mama Desimali.

Mtaalamu wa barafu alicheka mpaka akakaa chini. "Kikulacho, dada!"

"Cheka tu. Zamu yako inakuja."

Akaurudisha mstari, tano na tano zikawa kumi, akaingia kwa mkuu na karatasi mkononi.

"Aliyeharibu nani?"

"Mimi."

Mkuu akatazama dari kwa adabu. "Na jaribio?"

"Limemkamata aliyelitunga. Unataka limkamate nani ndipo utaliamini?"

Likabaki.