Bustani Kaburini kwa Nyanya

Mwaka niliomaliza chuo sikupata kazi, nikajipa kazi ya kutengeneza bustani kwenye kaburi la nyanya, mzazi wa mama. Kaburi liko Bungoma, katika shamba ambalo sasa ni la mjomba. Sisi tunaishi Kitale, kwenye nyumba ya kupanga. Mama hakuolewa, na tangu mazishi alikuwa akimpigia mjomba simu kuomba ruhusa kila alipotaka kuzuru. Hakulalamika. Ni mimi niliyetaka bustani impe sababu ya kwenda bila kuomba.

Nilichora ramani mara nne. Katika ya kwanza njia ilielekea nyumba ya mjomba, nikahofia itaonekana ni kujipendekeza. Katika ya pili iliipa nyumba hiyo mgongo, nikaona ni dharau. Vifaa havikunisumbua: vipande vya matofali, mawe ya mtoni, na chupa za plastiki nilizojaza mchanga na kuzifukia shingo chini. Katikati nilipanda mrenda, mboga aliyoipenda nyanya. Pande tatu nikazungushia mmea mrefu wa majani membamba ambao Kitale huuzwa kwenye vyungu. Nilikuwa nimesoma kwamba haufi upesi, nikaona unafaa kuwa ishara ya kumbukumbu.

Wiki iliyofuata mjomba alituita. Tulimkuta amesimama kaburini.

"Nani amekutuma upime shamba?" akaniuliza.

"Sijapima, mjomba. Ni maua."

"Maua? Ati umesoma mpaka digrii na hujui hii ndio tunapanda kwa mpaka? Majirani wananiuliza dada yangu amegawiwa lini."

Nilianza kumweleza maana ya kila mmea, hata ya chupa.

"Nyamaza kwanza," mama akaniambia. Kisha akamgeukia kaka yake. "Si unajua huyu amelelewa Kitale, bana. Huko hii inawekwa kwa mlango wa benki."

"Basi benki ikuje iichukue."

Mama aliinama, akang'oa mmea mmoja. Nikamsaidia. Mjomba alitutazama mpaka tukamaliza upande wa kwanza, kisha akaleta jembe, akachimbua iliyobaki. Chupa hakuzigusa. Alipofika kwenye mrenda akasimama, nami nikadhani huo nao utatoka.

"Na huu nani atachuma?" akauliza. "Usipochumwa unakomaa, unakuwa kuni."

"Nitachuma mimi," mama akasema.

"Kila wiki?"

"Kila wiki."

"Basi usiwe unanipigia simu ati unakuja. Nikiwa shambani sisikii."

Mimea tuliyong'oa tulirudi nayo Kitale kwenye gunia, na sasa iko mlangoni petu. Kila Jumamosi asubuhi mama huchukua kikapu chake na kwenda Bungoma. Mimi bado najiuliza kama ni kweli mjomba hasikii simu akiwa shambani. Mama hajawahi kuuliza.