Asante ya Jana

Juzi nilirudi Pasiansi kufunga nyumba ya bibi. Arobaini imepita, ndugu wametawanyika, kila mmoja na alichokitaka. Mimi nimebaki na ufagio na funguo. Nilikuwa nafagia kibaraza pale binti mmoja alipotoka kwenye geti la jirani na bakuli lililofunikwa kwa sahani. "Bibi yetu anasema poleni na msiba," akaniambia. Ndani mlikuwa na pilau, bado ya moto. Niliipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, lakini nikuambie ukweli, sikutaka hata kuionja.

Zamani, pale penye ukuta, palikuwa na ua wa minyaa wenye upenyo wa kutosha mtu mmoja. Ng'ambo alikaa mama jirani, Mwislamu wa mjini, mumewe akifanya kazi kiwanda cha samaki. Huku tulikaa bibi yangu, Msukuma wa kanisani, na mimi mjukuu wake. Kati yetu palikuwa na bakuli moja la bati, la kijani, limebanduka rangi ukingoni. Lilikuwa la nani? Wenyewe hawakujua tena. Bibi akikaanga sato, kipande kinono kilivuka. Bakuli likarudi na maandazi yenye hiliki. Likienda na matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyokaushwa, lilirudi na bamia. Kwao, kurudisha chombo kitupu ilikuwa ni kumwambia mwenzako kwamba mmemalizana.

Na chakula kilikuwa nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ilikuja asubuhi yake. Nikiwa bado kwenye mkeka, moshi wa kuni unaanza kuingia ndani na korongo wanagombea matumbo ya samaki kule ziwani, namsikia mama jirani anakohoa kwenye minyaa. Ndiyo ilikuwa hodi yake.

"Jirani, asante ya jana."

"Asante kushukuru," bibi anajibu, kisha anaongeza "wabeja", maana kwake asante ya Kiswahili peke yake ilikuwa nyepesi mno. Basi, kila mtu anarudi jikoni kwake. Nilipomuuliza kwa nini washukuriane mara mbili, alisema, "Asante ya leo hata tumbo linaisema. Ya kesho nataka niisikie kwa mtu."

Halafu mume wa mama jirani akaachishwa kazi. Sisi tulijua kwa bakuli. Lilivuka na dagaa, halikurudi. Hakuwa na cha kutia, na kulileta tupu hakuweza. Bakuli likiwa kwake, bibi naye hakuweza kupeleka kitu kingine, ingeonekana anamsuta. Unaona walivyojifunga wenyewe? Mmoja ana njaa, mwenzake ana samaki, na adabu imekaa katikati. Bibi alishinda akinung'unika jikoni, mwishowe akapenya kwenye minyaa. "Jirani, kifua kinanibana. Nichumie mchaichai kidogo, unitilie humo humo kwenye bakuli."

Kifua chake kilikuwa kizima kabisa. Bakuli likaja limejaa mchaichai, na jioni ileile likavuka na sato mzima. Msimu ule wote tulikunywa mchaichai hadi nikauchukia, na watoto wa ng'ambo wakala.

Baadaye mambo yao yakanyooka. Mume akafungua duka la vifaa vya ujenzi kule Igoma, na cha kwanza alichojenga ni huo ukuta. Minyaa ikang'olewa, geti likawekwa upande wa barabara. Bibi hakulaumu, alisema wezi wamezidi. Alikaanga sato, akanituma nizunguke na bakuli. Msichana wa kazi akalipokea getini, na jioni akalirudisha. Lilikuwa limeoshwa, limefutwa, linang'aa, na ndani hamna kitu.

"Labda wamesahau," bibi akasema.

Kesho yake aliamka gizani, akafagia, akaweka kigoda kibarazani akielekea ukuta. Jua likapanda. Nilimwambia tuingie ndani, akasema, "Ngoja, atakuwa anapika uji." Hakuna aliyekohoa. Bakuli akaliweka juu ya kabati na hakulishusha tena. Wakikutana njiani walisalimiana vizuri tu, na hilo ndilo lilimuumiza zaidi. Nilimchukia mama jirani kwa niaba yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakujua kuchukia.

Basi, pilau yake niliila. Ilikuwa tamu, hiliki ni ileile, na nikazidi kupandwa na hasira. Pilau ya msiba inamfaa nini aliyezikwa? Jikoni palikuwa na mfuko wa michembe, vipande vya viazi vitamu alivyovianika bibi mwenyewe. Niliutazama, nikauacha. Nikaosha bakuli, nikalifuta, nikazunguka nalo hadi getini.

Alifungua mwenyewe. Siku hizi anatembelea fimbo. Mume amefariki, watoto wako Dar.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akatazama ndani ya bakuli. Wa rika lile hawahitaji kuelezwa. "Haya, asante," akasema taratibu, akarudishia geti.

Nilidhani moyo utatulia. Usiku kucha niliwaza jinsi siku hizi tunavyotumiana asante kwenye simu, na viganja viwili vya kuchora, hata kwa watu tusiotaka kuwaona. Ule ua haupo, ule upenyo haupo, na mtu wa mwisho anayejua asante ya jana ni nini yuko nyuma ya ukuta, naye ndiye aliyeivunja.

Asubuhi ilikuwa zamu yangu kuisema, maana mimi ndiye niliyekula. Nilikuwa nimesimama kibarazani na begi langu niliposikia, upande wa pili, kigoda kikiburutwa polepole hadi karibu kabisa na ukuta. Kisha fimbo ikaegeshwa.

Koo liliniwasha. Sikukohoa.