Mitambo Iliyogawanywa Mafungu Matatu

Kazini walimwita Mama Mitambo, maana alizisemesha kompyuta kama anayelea watoto. Chumba chake kilikuwa na baridi kali na makabati ya chuma yaliyojaa kompyuta, zote zimeunganishwa zifanye kazi kama moja. Waliozitegemea walikuwa wawili: mtabiri wa hali ya hewa, mume wa dada yake, na daktari aliyekuwa akitafiti malaria.

Shida, kazi ya mmoja ikianza, ya mwenzake inakwama. Ikafika mahali wanapishana kwenye ngazi bila salamu, na kila usiku mmoja wao anampigia Mama Mitambo simu nyumbani kulalamika.

"Shemeji, mvua hainisubiri mimi," mtabiri alilalamika.

"Na mbu je, wao wanasubiri?" daktari akamkatiza.

Mama Mitambo akaamua kuzigawa kompyuta. Fungu la mtabiri, fungu la daktari, na katikati fungu la tatu lisilo na mwenyewe, la kumwokoa atakayezidiwa. Jumamosi asubuhi akazima mitambo yote, akaipanga upya, akawasha.

Fungu la daktari likagoma. Jasho likamtoka Mama Mitambo ndani ya baridi ile ile. Utafiti wa miezi ulikuwa humo, na mwenyewe amesimama mlangoni, mikono kichwani.

"Dada, niambie ukweli tu."

"Ngoja kwanza. Usinizike nikiwa hai."

Akapitia mpangilio mstari kwa mstari, hadi akaona kosa lake: kompyuta za daktari alikuwa amezipa anwani za mtandao za fungu la mtabiri, kwa hiyo zilikataliwa kila zilipobisha hodi. Akasahihisha. Feni zikaanza kuvuma, kabati baada ya kabati. Daktari akafungua mafaili yake, akayakuta salama. Akaketi sakafuni akicheka peke yake.

Baada ya wiki chache mtabiri alikuja anahema. Kimbunga kilikuwa njiani, na fungu la katikati lilikuwa mikononi mwa daktari. Alikuja amejiandaa kugombana.

"Chukua," daktari akasema. "Kazi yangu itaendelea polepole."

Mama Mitambo akahamisha fungu lile bila kuzima hata kompyuta moja. Utabiri ukatoka mapema, na watu wa mabondeni wakahama kabla maji hayajafika.

Jioni ile alirudi nyumbani, akazima simu, akajinyoosha kwenye kochi. Mumewe akamshangaa.

"Mke wangu, unaumwa?"

"Siumwi. Leo hakuna anayenitafuta."