Marehemu wa Duara la Kati

Trevor Ormerod alicheza kiungo katika timu yetu ya Crawbeck tangu ndevu hazijamkolea mpaka nywele zilipoanza kumhama, na muda wote huo sidhani kama aliugusa mpira vya kutosha kuuchafua. Halikuwa kosa lake. Crawbeck tulikuwa watu wa kubutua. Kipa alibutua, beki akabutua, na kule mbele dude letu la mtu, mbeba makaa, likaruka kupiga kichwa. Mpira ukitoka nje tulishangilia, ukiingia golini tulishangaa. Kiungo alikuwepo kwa sababu sheria inataka wachezaji kumi na mmoja.

Nilimtazama kila Jumamosi kutoka dirishani kwangu chini ya jukwaa la mbao, ninapouzia chai na pai za nyama. Mpira ukimpita juu kwenda kule, anaufuata kule. Ukirudi, anarudi nao. Watu walimpenda kwa hilo, maana sisi wa kaskazini mwa Uingereza hatumwamini mtu asiyetoka jasho. Baba yake, mzee Wilf, aliyekuwa fundi mitambo wa kiwanda cha pamba kabla hakijafungwa, alisimama siku zote mahali pamoja, nyuma ya goli la upande wa reli, kofia imemfunika macho. Mechi ikiisha alikuwa na neno moja tu kwa mwanawe: "Umekimbia." Kwa ukoo wa Ormerod hilo lilikuwa sawa na kukumbatiwa.

Goti lilipokataa, Trevor akaenda kusini kusomea ukocha. Huko akaonyeshwa filamu za Waholanzi wakipasiana. Aliporudi alikuwa ameokoka.

"Bi Edna," aliniambia, ameegemea dirisha langu, chai inampoa mkononi, "umewahi kuona mpira unatembea chini? Chini kabisa, mguu kwa mguu, kama watu wanaoongea?"

"Nimeuona kwenye televisheni. Wenzetu wana jua. Kunywa chai."

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame, Bi Edna."

"Sisi tukiinama mgongo unagoma, mwanangu."

Mwenyekiti wetu, Bwana Derek Pilling mwenye kiwanda cha soseji, akampa timu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeiomba. Trevor akaanza kuwafundisha vijana kupasiana. Wachezaji walipata tabu, lakini hawakuwa ndio shida. Shida ilikuwa marehemu.

Kwetu mtu akifa anachomwa, na majivu ya mtu wa Crawbeck mahali pake ni uwanjani. Golini hapana, tumeonea uchungu mwingi mno pale. Yanamwagwa katikati, ndani ya duara. Jumapili asubuhi familia inakuja na mtungi wake, kasisi anasema maneno mafupi kwa sababu ya baridi, halafu wote wanakuja kwangu kunywa chai. Ndivyo walivyofanya babu zetu. Lakini majivu ya binadamu si mbolea. Yanaunguza nyasi, na mvua ikinyesha, na kwetu hunyesha, yanakuwa kama uji uliolala. Duara lilijaa mabaka meupe, na kila baka lina jina na ukoo wake. Enzi za kubutua halikumsumbua mtu, kwani mpira ulipita juu ya wapendwa wetu kwa heshima zote.

Sasa Trevor akataka upite chini. Mechi ya kwanza, Gary Holroyd, kiungo wake mpya, akapigiwa pasi safi kabisa, ikatambaa vizuri mpaka ilipomfikia mzee Sugden, aliyekuwa mwuza nyama, ikaganda hapo. Mpinzani akaiokota, akaenda kufunga. Wakati wa mapumziko nikawasikia kupitia ukutani.

"Si nilikwambia usipitishe kwa mzee Sugden?"

"Nilikuwa namkwepa Bi Doris!"

"Bi Doris yuko kushoto, mpumbavu wewe! Kulia kwake ndiko salama!"

"Kulia kwake kuna mumewe!"

Alf, mtunza uwanja, akatumwa na ufagio. Alikuwa akifagia huku amevua kofia, anaomba radhi kwa kila mmoja: "Samahani, Bi Doris. Kidogo tu, mzee wangu." Haikusaidia kitu. Kufika Januari tulikuwa mkiani, na wa mkiani hutolewa kwenye ligi kabisa, akacheze na timu za polisi na za wauza mikate.

Hapo Trevor akatoa amri: hakuna majivu tena uwanjani mpaka nyasi ziote.

Ee Mungu wangu! Kufungwa tulikuwa tumemsamehe. Kufungwa tumekuzoea, tumekulea kama mtoto wa nyumbani. Lakini kumfungia mlango marehemu! Mkutano uliitishwa kwenye kilabu cha mashabiki, na Bi Norah Tattersall akaingia na mumewe kwapani, ndani ya mtungi.

"Trevor, wewe, nimekuona ukiwa na makamasi," akaanza. "Stan wangu amekaa kwenye kabati la vikombe tangu Krismasi. Unaniambia aendelee kusubiri?"

"Naomba msimu huu tu upite, Bi Norah. Nyasi ziote."

"Nyasi! Stan alikufa kwa ajili ya timu hii!"

"Alikufa kwa mapafu, Bi Norah."

"Na aliyapatia wapi, kama si pale jukwaani kwenye mvua, akikutazama wewe ukikimbia kama kuku?"

Watu wakapiga meza. Mtu akapaza sauti kwamba kocha ameuza wazee kwa Waholanzi. Trevor akasimama pale, amekunja kofia mikononi, masikio mekundu, lakini hakurudi nyuma hata hatua moja. Siku ya pili Bwana Pilling akatangaza gazetini kuwa ana imani kamili na kocha wake. Kwetu kocha akisoma maneno hayo huenda nyumbani kumwambia mkewe ateremshe masanduku. Maureen, mkewe Trevor, alikuwa ameshayateremsha.

Ila nitasema haki. Alf alipanda nyasi mpya, na kufika Aprili duara lilikuwa kijani kibichi, sijapata kuliona hivyo maishani mwangu. Na mpira ukaanza kutembea. Siku moja nikaona pasi sita, saba, Gary akigeuka, akipenyeza, goli. Watu hawakujua washangilie wapi, maana walikuwa wamezoea kumpigia makofi aliyeruka, na hapa hakuna aliyeruka. Mimi nilisahau pai kwenye moto zikaungua. Trevor akanitazama kutoka kule mstarini, akanionyesha vidole vyake chini, kwenye nyasi, anacheka kama aliyeokota lulu.

Ikabaki mechi moja, nyumbani, na Hebworth, watu wa ng'ambo ya kilima ambao hatusalimiani nao hata msibani. Sare ingetosha kutubakiza. Na wiki hiyo hiyo mzee Wilf akalazwa hospitali, wala haikuwa ya kurudi.

Nilimpelekea pai, najua hatakula. Trevor alikuwa ameketi kando ya kitanda. Wanaume wale wawili walikuwa wakiongea habari za vitunguu vya bustanini, kama kwamba hakuna jingine.

"Trevor," mzee akasema ghafla.

"Naam, baba."

"Nikiondoka, katikati."

"Baba, unajua nimekataza."

"Najua. Ulifanya sawa. Sasa mimi nimwage katikati."

"Kwa nini usikae nyuma ya goli, baba? Mahali pako pa siku zote?"

Mzee akafumba macho, nikadhani amelala. "Nimekutazama miaka yote hiyo umesimama pale katikati peke yako," akasema, "mpira unakupita. Roho ikiniuma. Nami sikuwahi kukwambia." Akapumua kwa shida. "Basi angalau nikae pale."

Nikatoka nje, nikajidai natafuta mahali pa kuweka pai.

Wilf akafa Jumatatu. Trevor alikuja dirishani kwangu mtungi ukiwa ndani ya koti, wala hakutaka chai.

"Msubirishe mpaka mechi ipite," nikamwambia. "Mzee haendi popote."

"Niliwaambia wengine wasubiri, wakanitukana, nikavumilia. Wa kwangu ameomba mwenyewe, kwa mdomo wake. Nikimweka kabatini nitalala vipi, Bi Edna?"

"Basi mwage kimya kimya. Mimi sitasema."

"Wao niwakataze hadharani, mimi niibe? Hapana. Nikimfungulia baba, nimewafungulia wote."

Akawafungulia. Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya mechi, foleni ilitoka getini ikazunguka mpaka kwenye kituo cha reli. Marehemu wa majira mazima ya baridi walitoka makabatini, juu ya piano, chini ya vitanda. Mmoja alikuja ndani ya kopo la biskuti. Bi Norah alikuwa mbele na Stan. Kila mtu alimpa Trevor mkono. "Kijana amerudi kwao," walisema, na wakanimalizia chai yote. Trevor akamwaga wa kwake mwisho, watu walipoondoka, pale hasa alipokuwa akisimama akiwa mchezaji. Alf alikaa juu ya toroli lake akilia kwa ajili ya nyasi. Jioni Bwana Pilling akatangaza tena kuwa ana imani kamili.

Jumamosi mvua ikanyesha. Katikati ya uwanja palikuwa kama sufuria lililoungua uji. Kupitia ukutani nikamsikia Gary akiuliza, "Kocha, leo tunapitia wapi?"

"Juu," Trevor akasema.

"Juu?"

"Butueni. Kipa abutue, beki abutue. Mpira ukianza tu, tokeni kwenye duara mpite pembeni. Sitaki kumwona mtu mle ndani."

"Lakini kocha, mwaka mzima umetwambia chini, chini..."

"Umenisikia, Gary."

Ilikuwa kabumbu mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona, na mimi nimeziona nyingi. Mpira ulikaa angani mpaka ukaota ukungu. Hebworth walikuwa wamejiandaa wiki nzima kuzuia pasi. Wakawa wanakodoa macho juu, wanagongana, wanateleza kwenye majivu ya koo zetu mashuhuri. Hawakufunga, nasi hatukufunga, na filimbi ilipolia tulikuwa tumebaki kwenye ligi. Watu waliimba kama wamefufuliwa. Jukwaani mwandishi wa gazeti alikuwa anapiga kelele kuwa Trevor Ormerod ni mjanja wa wajanja, ameificha silaha mwaka mzima ili aitoe siku moja!

Mjanja mwenyewe alikuja moja kwa moja dirishani kwangu. Nikampa chai. Sikuweza kujizuia, nilikuwa na hasira naye.

"Kwa hiyo umeitupa dini yako yote kwa ajili ya sare," nikamwambia.

"Sare?" Akanitazama kama mtu aliyesahau kuwa kulikuwa na mechi. "Bi Edna, ningewaambia nini wale vijana? Mkanyageni baba yangu, lakini taratibu?"

Nikamwongezea sukari, ambayo haitumii.

"Hebworth walimkanyaga kidogo," akasema. "Lakini hao ni Hebworth."

Bwana Pilling akafika mbio, tai imeruka begani, amefungua mikono kumkumbatia kabla ya kumfikia. "Nilisema nina imani au sikusema? Mwakani hivi hivi, Trevor! Angani!"

"Mwakani tafuta mwingine, mwenyekiti. Chini siwezi tena kuwatuma, na kubutua sikutaki."

"Mwingine nani, bwana wewe?"

"Mtu asiye na marehemu wake pale."

Bwana Pilling akacheka, akinitazama mimi ili nicheke naye. Sikucheka. Nilikuwa naangalia nyuma yao. Watu walikuwa wameshavuka uzio, wamejaa uwanjani, wazee kwa vijana, na kama ilivyo desturi ya mwenye furaha wakakimbilia katikati. Wakaanza kuruka. Bi Norah alikuwa amepandisha sketi magotini, anacheza na kasisi, na viatu vyake vyeupe kwa Stan.

Trevor akageuka, akaona. Akaweka kikombe, akaenda. Nilimwona akijipenyeza katikati ya umati mpaka akafika palepale, akasimama juu ya baba yake, akainyoosha mikono yote miwili, akawa anawasukuma watu huku na huku, machozi yanamtoka, anasema, "Piteni pembeni, jamani. Naomba piteni pembeni."

Wakadhani anacheza. Wakamzunguka, wakainyoosha na wao mikono.