Shamba Lisilo na Visiki

Sipendi watu wanaosema "bamama", yaani akina mama, kabla hawajafunga mlango wa gari. Yule mtaalamu wa kilimo alisema hivyo mara mbili, na tangu siku hiyo sikumpenda. Alitoka Kinshasa. Kiswahili chetu alikijua maneno matano, na hilo lilikuwa moja. Alivaa viatu vya mpira vilivyofika magotini, na ilikuwa mwezi wa tano, mvua zimekwisha, vumbi limeanza.

Kijiji chetu kiko nje ya Kolwezi, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki ukishika barabara ya Dilolo. Kazi ya wanawake pale ni kuosha mawe. Wanaume wanachimba, sisi tunaingia mtoni mpaka kiunoni na beseni na chujio, tunatikisa mpaka udongo utoke na jiwe la shaba libaki. Maji yale yanakula ngozi ya miguu, na hayaishii kwenye ngozi. Dada yangu mkubwa, ambaye namwita yaya kama tunavyoitana kwetu, alizaa mtoto ambaye hakulia hata mara moja. Muuguzi wa zahanati akamwambia: ukitaka mwingine aishi, toka kwenye maji. Ni rahisi kusema ukiwa umevaa koti jeupe. Yaya alimuuliza sasa atakula nini, na muuguzi akaita mgonjwa mwingine.

Kwa hiyo mradi wa yule mtaalamu ulipokuja ukasema utawapa wanawake shamba, mbegu na majembe ili waache kuosha mawe, yaya aliamini. Wakati huo alikuwa Dilolo kwa mama yetu, akipumzika baada ya msiba. Alinitumia ujumbe: jina langu uliandike la kwanza. Nikaliandika la pili. La kwanza lilikuwa langu.

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari, basi wakanifanya rais wa kikundi na mkalimani pia. Walinipa fulana yenye maandishi mgongoni. Niliivaa mpaka kanisani, nikakaa benchi la mbele ili watu wote wausome mgongo wangu.

Chifu alituonyesha sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa bondeni karibu na maji, udongo mweusi, lakini imejaa miti ya kukata na visiki vya kung'oa. Ya pili ilikuwa mteremko mweupe, hakuna mti hata mmoja, majani mafupi tu, na katikati ya majani maua madogo ya zambarau, mengi. Mtaalamu alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Hakuna visiki, alisema, hapa tutalima wiki hii hii. Akachuma ua moja, akalichomeka kwenye mfuko wa shati lake.

Kwetu hakuna mtoto asiyelijua ua lile. Ni ua la shaba. Linaota mahali ambapo miti imekataa, kwa sababu chini yake kuna shaba. Wahenga wetu waliotafuta madini kabla ya mitambo kuja walilifuata ua hilo. Mahindi ukiyapanda hapo yanatoka, yanageuka manjano, yanakufa. Mtaalamu mwenye diploma tatu alikuwa nalo kifuani na hakuuliza linaitwaje.

Kulikuwa na mama mmoja kati yetu, muuza munkoyo, kile kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, ambaye hakuumbwa kunyamaza. Akapaza sauti nimwambie mtaalamu kwamba udongo ule hauzai, atupe bondeni:

"Ambia ule tata, hii bulongo ya maua haizalake mihindi. Atupatie kule ku mayi!"

Mtaalamu akanigeukia. Anasema nini?

"Anashukuru," nikamjibu kwa Kifaransa.

Nitasema kwa nini, maana nimechoka kujificha. Nilifikiri hivi: shamba likiwa letu, na karatasi yenye muhuri, basi na jiwe lililo chini ni letu. Mahindi na yafe. Tutachimba wenyewe, tutauza wenyewe, hakuna mwanaume atakayetutupia mawe ya kuosha. Wenzangu, ambao neno merci wanalijua, walielewa mara moja. Niliona macho yao. Hata muuza munkoyo alinitazama, akajifunga kitenge vizuri, akanyamaza. Tamaa mbele, mauti nyuma. Sote tulikuwa tumeusikia msemo huo tangu utotoni, na haukutusaidia kitu.

Mradi ulikuwa na sharti moja: tutoe mabeseni na machujio yetu yachomwe mbele ya watu, tusirudi mtoni. Yaya alirudi kutoka Dilolo siku mbili kabla ya moto. Alilitupa beseni lake kwa mkono wake mwenyewe, na juu yake chujio alilopewa na mama. Plastiki ilinuka kijiji kizima. Mama mmoja, mkuu wa mradi, alipiga makofi huku anakohoa, na kijana wake wa kamera akamwomba yaya arudie kutupa, lakini hakukuwa na kitu kingine cha kutupa.

Baadaye tulikwenda yeye na mimi kuliangalia shamba. Akainama, akashika ua.

"Haya maua, mulimuonyesha?"

"Tulimuonyesha, yaya. Anasema eko na dawa yake."

"Dawa ya bulongo?"

"Ya bulongo, ndiyo."

Akatabasamu. Yaya si mjinga. Alitaka tu iwe kweli. Kiangazi kizima alibomoa vichuguu vya mchwa kule porini, kwa sababu udongo wa kichuguu ndio mbolea yetu, akabeba gunia baada ya gunia kichwani mpaka sehemu yake ya shamba ikawa nyekundu. Mwezi wa nane akaniambia ana mimba. Nikacheka naye, nikamshika mikono. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, tena nafasi nzuri, na nikaanza kuongea habari za majina.

Mvua zikaja, tukapanda. Mahindi yalifika magotini yakageuka manjano, ya yaya yalichelewa kidogo tu. Mtaalamu alisema mbegu zilichelewa kupandwa. Wiki iliyofuata akasema wanawake hawa hawana bidii. Hilo nililitafsiri neno kwa neno. Mvua iliposimama mwezi wa kwanza, akasema shida ni maji, akaleta watu wachimbe kisima katikati ya shamba.

Hawakupata maji. Walipata jiwe la kijani, kubwa kama kichwa cha mbuzi, na chini yake mengine. Mimi niliruka kwa furaha. Sioni haya kusema niliruka, naona haya kwa mengine.

Kabla ya Jumapili wachimbaji walikuwa wamejaa mteremko wote na magunia yao. Nyuma yao akaja mnunuzi, akasimamisha hema pale tulipopanga kujenga ghala. Nilikwenda kwa chifu na karatasi yetu mkononi. Akaifungua, akaniambia niisome, mimi msomi. Ilisema tumepewa ardhi kwa ajili ya kilimo. Juu. Ya chini haikuyataja. Miezi yote ile nilikuwa nimeusoma muhuri tu.

Mradi ukaondoka wiki hiyo hiyo, kwa sababu mahali pale, walisema, si salama tena kwa wanawake. Sisi wanawake tukabaki. Mtaalamu alinipa mkono, akasema nimekuwa mkalimani mzuri sana.

Mabeseni hatukuwa nayo. Mnunuzi akaleta mapya, ya buluu, kwa sharti kwamba utakayempa mawe uliyoosha ni yeye peke yake. Yaya alikuwa wa tatu kwenye mstari, tumbo la miezi saba mbele yake. Nilimkuta mtoni akiosha mawe yaliyotoka kwenye sehemu yake mwenyewe ya shamba. Udongo mwekundu wa vichuguu ulikuwa bado umeyashika.

"Toka, yaya. Mi nitaosha yako."

"Na yako ataosha nani?"

Hakuacha kutikisa beseni. Kisha akauliza bila kuniangalia:

"Ile dawa. Shi ulisema eko nayo?"

"Hakukuwa dawa. Sikumuambia kitu. Nilitaka mawe."

Maji yalikuwa yanagonga tumbo lake. Nilingoja anitukane. Ningelipokea tusi lile kwa mikono miwili.

"Shika hapa," akasema. "Mugongo inauma."

Nikaingia, nikashika upande wa pili wa beseni, tukatikisa pamoja mpaka jua likawa kali.

Mtoto alikuja kabla ya wakati, mwanzo wa mwezi wa tatu. Nilikaa nje ya mlango wa zahanati, nikasikiliza kama atalia. Niliwasikia kuku, nikasikia pikipiki inapita, nikasikia ndoo inawekwa chini. Halafu muuguzi yule yule akatoka, amekasirika, anafuta mikono kwenye koti lake.

"Shi nilimuambia atoke mu mayi? Alikatala?"

"Hapana," nikamwambia. "Alitoka. Ni miye nilimurudisha."